Kengele Imefukuliwa

Askari waliitua kengele ya kanisa mbele ya hakimu, ikiwa bado imegandwa na udongo. Ilikuwa imefukuliwa uani kwa Mbwilo, fundi bati, ambaye mwaka jana mahakama hii hii ilimwona hana hatia ya kuiiba.

"Mheshimiwa, sasa ushahidi upo," alisema mwendesha mashtaka Sengondo. "Ashtakiwe upya."

Hakimu Tulizo aliitazama kengele. Sengondo alikuwepo siku hakimu huyu alipomzika baba yake kimyakimya, bila mlio wa kengele, kwa kuwa ilikuwa imeibwa.

"Kesi ilisikilizwa ikaisha, na hamkukata rufaa," alisema hakimu. "Mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa lile lile. Tukimrudia huyu leo, kesho nani atalala? Kengele irudi kanisani."

Watu wakaguna. Sengondo akainamisha kichwa, na safari hii haikuwa kwa desturi tu ya mahakama.

Nje, wazee wa kanisa walishindwa kuipakia mkokotenini. Mbwilo, aliyekwishafika getini, akasimama. Akarudi polepole, akapiga goti, akaingiza bega. Kengele ilipoinuka ikalia, mara moja tu.

Mlangoni, Sengondo akageuka. Kule ndani, kalamu ya hakimu ilikuwa imesimama hewani.