Fundi Ndani ya Mashine

Mashine ya kutotolea vifaranga ilikuwa imepoa, na mayai yote ya Bi Salha yalikuwa mle ndani. Aliunganisha waya kutoka kwenye simu hadi kwenye mashine, kama alivyoelekezwa na fundi Kombo aliyekuwa mji wa mbali.

“Haya bibi, nimeingia,” fundi akasema simuni.

Bi Salha akajitanda kanga upesi, akatazama mlangoni. “Karibu, baba. Mbona sikuoni?”

Fundi akacheka. “Nimo kwenye mashine, bibi. Kipimajoto kinaiambia uongo, eti joto lipo. Ngoja nikirekebishe.”

Mara feni ndogo ikazunguka, wala hakuna aliyeigusa. Taa ikawaka. Bi Salha akaweka kiganja juu ya kioo, akasikia joto linakuja.

“Usitoke kwanza, baba,” akanong’ona.

Ndani, yai moja likatikisika.