Mto Mkavu

Siku hizi mto wa kulalia ndio shahidi. Dawa ya Shaali inamtuliza kichwa, lakini akilala, na akilala tu, hutokwa na udenda, na kila alfajiri mto wake huupima udenda huo na kukiarifu kituo cha wagonjwa wa akili kwamba kameza. Mto ukiwa mkavu, gari huja kumchukua.

Mama yake, Bi Mwanakombo, aliyajua yote hayo. Lakini leo wanakuja wageni wa posa ya bintiye, dadake Shaali, na mto ule unanuka. Jana usiku aliusukuma uvunguni, akamlaza mwanawe kwenye mto wa sufi wenye foronya ya kudarizi. Mara moja tu, alijiambia, haitadhuru.

Gari likaja, wauguzi wakaingia, wageni wakiwa wameshakaa, visahani vya halua mikononi.

"Mama, si uliniona nikimeza?"

"Nilikuona, mwanangu."

"Basi waambie mto uliuficha wewe."

Bi Mwanakombo akawatazama wakwe. Akawaongezea halua.

Shaali akauvuta mto wake uvunguni, akauinamia, kinywa wazi, akingoja udenda mbele ya watu wote. Kwa mazoea, mama akamfuta mdomo kwa pindo la kanga.

Pindo likarudi kavu.