Kilo za Adalbert

"Adalbert," mtawa wa kizungu akaita, amesimama kando ya mizani ya kupimia watoto wa kambi ya mgodi wa shaba, Elisabethville.

Kichanga Adalbert alikuwa amezikwa Mitwaba juma hilohilo, mama yake alikokwenda naye kusalimia ukoo. Kambini aliyejua ni jirani tu. Mtoto asiyepimwa alikatiwa posho, na posho ya Adalbert ndiyo iliyowalisha dada zake.

"Enda, Mama Adalbert," jirani akanong'ona, akimfunga mwanawe mwenyewe mgongoni kwa mama mfiwa. "Kwa ule muzungu batoto betu bote banafanana. Lakini utanirudishia, eh? Huyu nilimuzala kwa shida."

Mama Adalbert alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Hakuwahi kumdanganya jirani, sembuse mtawa. Akatoka kwenye mstari.

Mizani ilikuwa ya bati, baridi. Mtoto akapiga kelele, akainyoosha mikono yote miwili kwa mama yake mzazi kule mstarini. Mtawa akaifuata mikono ile kwa macho.

"Mama yake njo nani?"

"Njo mimi, ma sœur," Mama Adalbert akamjibu mtawa.

Akamnyanyua mtoto, akafungua blauzi. Titi lilikuwa gumu kama jiwe, limejaa tangu mazishi. Mtoto akalinusa, akageuza uso. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe, yakamchuruzika shavuni.

"Nyonya, Adalbert," akamwambia.

Mtoto akafumba macho, akameza.