Jiwe Linalovuja

Simba mzee alipokufa, mwanawe aliona haya kuendelea kukalia kilima ambacho baba yake alikipora. Akamwomba Korongo, asiye na haraka ya kusema, awatafute wenye kilima hicho.

Wakajitokeza watatu. Korongo akawauliza, "Huko kwenu kulikuwaje?"

"Peponi hasa!" akasema Fisi mlafi. "Maji matamu kama asali."

"Na matunda mwaka mzima," Nyani akadakia.

Bibi Pimbi, aliyefukuzwa huko angali mdogo, alitamani naye asifu. Lakini kilichomjia ni pango lao tu. "Kulikuwa na baridi," akasema. "Maji yalikuwa ya chumvi, na mvua ikinyesha jiwe lilivuja pale pale alipolala mama. Kila masika alinung'unika, wala hakusogea hata shubiri."

Fisi akaangua kicheko. "Anayeponda kwao arudishiwe cha nini?" Pimbi akainama, akiona kinywa chake kimemponza.

Korongo akawapandisha wote kilimani. Maji yalikuwa ya chumvi, na chini ya jiwe matone yalikuwa yamechimba kishimo.

"Kilima ni cha Bibi Pimbi," akasema. "Mwenye tamaa ya mahali hupasifu. Aliyelala pale ndiye ajuaye panapovuja."

Simba kijana akaahidi na fidia: ataliziba jiwe lile kwa udongo wa mfinyanzi, lisivuje tena.

"La, mjukuu wangu," Pimbi akamsihi, machozi yakimlengalenga. "Ugenini nimelala pakavu miaka yote hii. Niachie tone langu."