Kifungo Mgongoni

Mpwa wangu alificha kifungo kimoja mgongoni.

Jana darasa zima lilimcheka ubaoni aliposhindwa kumi na tatu gawanya kwa nne, na leo akagoma kwenda shule. Nikampa vifungo kumi na vitatu na mashati manne ya wateja niliyokuwa nashona, agawe sawasawa. Kila shati likapata vitatu.

"Hebu nione mkono."

"Sitaki, mama mdogo. Nimekosea tena."

Alifungua kiganja. Kifungo kilikuwa kimeloa jasho.

"Ukikiweka kwenye shati moja, mengine je?"

"Yatanuna." Alikitazama kifungo, macho yakamtoka. "Kumbe hiki ndicho baki! Sijakosea!"

Mimi hujulikana kwa upole wa sauti, ila niliipaza mpaka majirani wakachungulia. "Dada! Njoo umwone mwanao!"