Asiyewasha Bangili

Tunu alizaliwa kabla ya siku zake, akalelewa kwa mrija wa puani. Mafuta ya maziwa yana tabia ya kung'ang'ania ndani ya mrija. Zamani yalimwagwa, mtoto akaambulia majimaji. Siku hizi mashine ya wodini huyakwangua na kumpa mtoto anayefuata. Basi Tunu alinenepa kwa mabaki ya kina mama asiowajua, akatoka hospitali na bangili inayowaka kila anapokaribiana na mtoto waliyechangia naye maziwa. Maana waliochangia ziwa ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Mwanakheri alipomfikisha bintiye mtaani, bangili iliwaka kila mlango. Kina mama walitoka mbio kumpokea.

"Karibu kwa nduguzo, mwanangu!"

"Mungu awalipe," Mwanakheri alisema huku machozi yakimtoka. "Bila nyinyi ningekuwa nimezika."

Jioni mama mkwe alimpakata mjukuu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi, ndugu kila nyumba. Na mume atatoka wapi?"

"Mama nawe! Hata meno hajaota!"

Walicheka sana. Lakini asubuhi Mwanakheri alipika vitumbua, akavifunika kwa kawa, akaenda kwa Bi Rukia, fundi cherehani. Mtaa mzima, mwanawe wa kiume ndiye pekee ambaye hakupitia wodi ile, wala hawashi bangili ya mtu.

Barazani alikuta kina mama wa mabinti wamekwisha kaa, kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa. Wakamsogezea nafasi, bila kumtazama usoni.