Mashine Iliyochelewa Kuwaka

Wakubwa walikwishaamua: maji hufunguliwa kwa kompyuta, na asiyeingia kwenye mfumo kabla ya saa moja asubuhi, bomba lake halidondoshi hata tone. Wao wana mashine mpya, watajuaje kiu? Ya Mzee Shekue ilikuwa ya mtumba, ikichukua nusu saa kuwaka, na umeme wenyewe hurudi saa moja kasorobo.

Fundi Nasra akaichungulia. "Babu, inachelewa kwa sababu inapakia kwanza sauti ya marehemu mkeo, bibi Mwanjaa, ile inayokuamkia na kukuitikia. Nikiifuta, itawaka kufumba na kufumbua."

Mzee akaitazama ndoo tupu. "Siku ya nne leo sijaoga wala kupika, mjukuu wangu. Futa."

Kesho yake alibonyeza, na kabla hajaondoa kidole, maji yakanguruma bombani. Akaduwaa, mikono kichwani.

"Mwanjaa, njoo uone maajabu!" akaita kwa mazoea, akangoja kuitikiwa.